Mchoro wa Seli na Umri Wake

Karibu kila aliyepita kidato cha kwanza Afrika Mashariki amewahi kuuchora. Duara moja kwa seli ya mnyama, kisanduku cha pembe nne kwa seli ya mmea, nukta nene katikati, kisha mistari ya rula inayotoka nje kwenda kwenye majina: ukuta, utando, kiini, saitoplazimu, mitokondria. Mistari ikipishana, mwalimu anakata alama. Mchoro hukaririwa kana kwamba ulishuka wote siku moja, ilhali kila mstari una umri wake. Ukuta umepita miaka 350. Jina la kiini bado halijatimiza 200. Baadhi ya vilivyomo ndani havikuonwa na jicho la mtu yeyote hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Na kati ya mstari mmoja na mwingine kuna miongo ya ukimya, ugomvi, na watu wenye akili nyingi walioshikilia jambo lisilo kweli.

London, 1665: nyumba iliyohamwa

Robert Hooke alikuwa mwajiriwa wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Tangu 1662 kazi yake ilikuwa kuwaandalia wanachama majaribio mapya ya kutazama kila walipokutana. Siku moja alichukua kizibo, aina ile ya kuzibia chupa, akanoa kisu chake kikawa kama wembe, akakata kibanzi chembamba mno na kukiweka juu ya sahani nyeusi chini ya hadubini. Aliona vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki. Akahesabu: zaidi ya vitundu 1,000 katika mstari wa inchi moja, na kwa hiyo, akizidisha pande zote tatu, zaidi ya milioni 1,200 katika inchi moja ya ujazo.

Alihitaji jina la vitundu hivyo, akachagua neno lenye asili ya Kilatini, cella, yaani chumba kidogo. Kutoka hapo ndipo tulipopata seli. Mkenya akisikia neno hilo huenda akafikiria kwanza kituo cha polisi, na Mtanzania anayo selo yake ya kumlaza mtuhumiwa. Hawajakosea. Neno ni lile lile, na maana ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo: kuta nne, nafasi finyu.

Hooke hakuwa akitafuta siri ya uhai. Alitaka kujua kwa nini kizibo ni chepesi, kwa nini kinaelea, na kwa nini kinabonyea kisha kinarudi. Jibu alilipata: kimejaa hewa. Kizibo ni gamba la mti lililokufa, na aliyekaa ndani ya vyumba vile alikwisha kuondoka. Kwenye mimea mibichi Hooke aliona vyumba vimejaa majimaji, akaandika hivyo, lakini hakuendelea. Kitabu chake, Micrographia, kilipotoka 1665 watu walikesha nacho kwa ajili ya picha ya kiroboto aliyejaza ukurasa wa kukunjua, si kwa ajili ya kizibo. Basi mstari wa kwanza wa mchoro wetu, ukuta wa seli, ulichorwa kutoka kwenye nyumba iliyohamwa, na jina likabaki.

Delft, 1674–1723: muuza vitambaa

Antonie van Leeuwenhoek hakusoma chuo wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wa siku zile. Aliuza vitambaa mjini Delft, Uholanzi, na katika biashara hiyo kioo cha kukuza kilitumika kukagua nyuzi. Alijisugulia lenzi zake mwenyewe, vitone vya kioo vidogo kuliko punje ya mtama, akavibana kati ya vibati viwili. Chombo kizima kiliingia kiganjani. Lenzi yake bora kati ya zilizobaki hukuza kitu karibu mara 270.

Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa jirani akaona ndani yake viumbe wakiogelea. Miaka miwili baadaye alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha. Alidhani punje zake zina miba midogo isiyoonekana. Aliloweka pilipili majini, akaiacha, kisha akatazama. Miba hakuiona. Aliona wanyama wadogo ajabu, baadhi yao wadogo kiasi kwamba leo tunaamini walikuwa bakteria. Barua aliyoandika kuhusu maji hayo iliwatia shaka wanachama wa Royal Society, nao wakamtwisha Hooke kazi ya kurudia jaribio. Novemba 1677 Hooke aliwaonyesha, wakakubali.

Leeuwenhoek aliona pia chembe nyekundu za damu, mbegu za kiume, na umati ulioishi kwenye utando wa meno yake. Tukizitazama kwa macho ya leo, zote hizo ni seli. Lakini yeye hakuziita hivyo, na hakuna aliyesimama kusema kwamba kidudu cha maji ya pilipili, chembe ya damu na chumba cha kizibo ni kitu cha namna moja. Nani angewaza hivyo? Kimoja kinaogelea, kingine kinasukumwa na mshipa, cha tatu ni shimo.

Siri ya kutengeneza lenzi zake bora hakumpa mtu. Alifariki 1723 akiwa na miaka 90 na akaondoka nayo. Ubahili huo, kwa maoni yangu, uliigharimu elimu hii zaidi ya ujinga wa waliomcheka.

Miaka 150 ya ukungu

Karne ya 18 ilipita bila mstari mpya wa maana kwenye mchoro. Sababu moja ilikuwa kioo. Lenzi ya kawaida hupasua mwanga kama upinde wa mvua, hivyo ukikuza sana, kila kitu huzungukwa na pete za rangi, na mtazamaji hajui kama anaona kiumbe au anaona kasoro ya chombo chake. Wengi waliripoti vijiduara kila mahali, na baadhi ya vijiduara hivyo havikuwa popote ila kwenye lenzi. Wanasayansi makini wakaanza kuidharau hadubini kama kitu cha mchezo.

Mwaka 1830 mfanyabiashara wa mvinyo wa London, Joseph Jackson Lister, alieleza jinsi ya kupanga lenzi kadhaa kwa umbali maalumu ili makosa ya moja yafutwe na nyingine. Mwanawe, Joseph Lister, ndiye daktari aliyekuja kuwafundisha wapasuaji kuua vijidudu vya kwenye vidonda. Baba hakusomea sayansi chuoni, lakini baada yake hadubini ikaaminika.

Hata hivyo si kila kitu kilingoja lenzi mpya. Mwaka 1831 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alikuwa akichunguza okidi kwa hadubini ya lenzi moja ya mtindo wa zamani. Katika kila seli aliona doa moja la duara. Wengine walikwisha kuliona na hata kulichora kabla yake, lakini walilipita tu. Brown alisimama hapo, akasema linajirudia mno kuwa la bahati nasibu, akaliita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kokwa. Kiswahili kimelipa jina zuri zaidi: kiini, kama kiini cha yai.

Berlin, 1838–1858: kosa la chakula cha jioni

Matthias Schleiden alianza maisha kama wakili mjini Hamburg. Kazi ilimshinda, akajipiga risasi kichwani, akapona, akaiacha sheria na kwenda kusomea mimea. Alikuwa mtu wa hasira na maneno makali. Mwaka 1838 aliandika kwamba mmea wote, kuanzia mzizi hadi ua, umejengwa kwa seli.

Mjini Berlin, alikokuwa akifanya kazi wakati huo, alikuwepo pia Theodor Schwann, mpole, mcha Mungu, aliyekuwa akichunguza tishu za wanyama. Siku moja walikula pamoja, na Schleiden akataja kiini cha seli za mimea. Schwann akakumbuka kwamba amekiona kitu kama hicho kwenye uti wa viluwiluwi. Wakaondoka pamoja kwenda kutazama. Mwaka 1839 Schwann alichapisha kitabu kilichovunja ukuta kati ya mmea na mnyama: vyote viwili vimeundwa kwa seli, na seli ndiyo kipimo cha chini cha uhai. Hapo ndipo chumba cha kizibo na chembe ya damu vilipopatanishwa.

Lakini wote wawili walikosea jambo kubwa. Waliulizwa seli mpya hutoka wapi, wakajibu kwamba huganda kutoka kwenye ute, kama chumvi inavyoganda maji ya bahari yanapokauka kwenye mashimo ya chumvi: kwanza kiini, halafu seli ikijikusanya kukizunguka. Kosa hili halitajwi sana darasani, nami naona ni hasara, maana lilitawala kwa miaka zaidi ya kumi na lilikuwa na mantiki yake. Seli inapogawanyika, tendo hilo ni la muda mfupi, na anayetazama seli zilizokwisha kufa hukuta nyingi zimetulia. Halafu jina la Schleiden lilikuwa zito.

Aliyelipindua kosa hilo alikuwa Robert Remak, Myahudi kutoka Posen iliyokuwa chini ya Prussia. Sheria na desturi za Prussia zilimfungia Myahudi cheo cha uprofesa asipobatizwa, naye alikataa kubatizwa. Tangu 1841 alitazama damu ya viinitete vya kuku na kuona seli moja ikibanwa kiunoni na kuwa mbili. Aliendelea kuchunguza kwa miaka kumi kabla ya kusema wazi, 1852, kwamba seli za wanyama hazigandi kutoka kwenye ute wowote. Hugawanyika.

Mwaka 1855 Rudolf Virchow, daktari mwenye jina na kalamu kali, alitangaza jambo hilo hilo kwa msemo mfupi wa Kilatini wenye maana kwamba kila seli hutokana na seli, na hakumtaja Remak. Msemo ukabaki kwa Virchow hadi leo. Haki yake halisi iko kwingine: mihadhara yake ya 1858 iliwafundisha madaktari kuutafuta ugonjwa ndani ya seli, si katika majimaji ya mwili yaliyochafuka. Saratani, kwa hesabu hiyo, si kitu kilichoingia kutoka nje. Ni seli za mwili wenyewe zilizoacha kutii.

Tazama jambo hilo linakofika. Kama kila seli imezaliwa na seli, basi ile ya kwanza uliyoanza nayo ilitoka kwa mama na baba, zao kwa mababu, na uzi huo haujawahi kukatika tangu uhai uanze.

Rangi, 1856–1956

Seli hai iko kama ute wa yai, mwanga unapita tu. Kilichowasaidia wanasayansi kuona ndani yake kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1856, wakati wa likizo ya Pasaka, kijana wa London wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Alipata uchafu mweusi. Alipousafisha kwa spiriti ukatoa rangi ya zambarau isiyofifia. Viwanda vya rangi za nguo vikaanzia hapo, vikashamiri hasa Ujerumani, na rangi zake zikafika mezani kwa wenye hadubini.

Walther Flemming, aliyefundisha Kiel, aligundua kwamba baadhi ya rangi hizo hung'ang'ania kitu fulani ndani ya kiini na kuacha vingine. Alitumia viluwiluwi vya salamanda kwa sababu seli zao ni kubwa. Hakuweza kutazama seli moja iliyotiwa rangi ikigawanyika, maana rangi iliiua. Alichofanya ni kukusanya mamia ya seli zilizokufa katika hatua mbalimbali na kuzipanga kwa mfuatano, kama mtu anayepanga picha za harusi zilizomwagika sakafuni hadi ajue bibi harusi aliingia saa ngapi. Kitabu chake cha 1882 kinaonyesha nyuzi zikinenepa, zikijipanga katikati, zikipasuka kwa urefu, kisha nusu zikivutwa kila moja upande wake. Mwaka 1888 nyuzi hizo zikapewa jina la kromosomu, kwa Kigiriki mwili wa rangi. Jina limetokana na kupakwa tu, halisemi lolote kuhusu kazi yake.

Kazi yenyewe, kubeba urithi, ilichukua muda kukubalika. Ilibidi majaribio ya Mendel juu ya urithi yafufuliwe 1900, kisha zipite zaidi ya miaka 50 kufikia 1953, Watson na Crick walipoeleza umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi, wakitegemea pia picha za eksirei kutoka maabara ya Rosalind Franklin. Hata hesabu ilisumbua. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilifundisha kwamba binadamu ana kromosomu 48. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, na Albert Levan wa Lund, Sweden, walitoa hesabu iliyo sahihi, 46, kwa sababu walikuwa wamepata njia ya kuzitandaza seli ili nyuzi zisilaliane. Waliohesabu 48 walikuwa wakitazama kitu kile kile na kukiona kama walivyofundishwa.

Kuvuka mpaka wa mwanga, 1931–1974

Mwanga una mpaka wake. Vitu viwili vilivyokaribiana chini ya maikromita 0.2 huonekana kimoja, hata lenzi iwe safi namna gani. Mwaka 1931 Ernst Ruska na Max Knoll mjini Berlin walijenga hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga. Ilihitaji ombwe na vipande vilivyokauka na vyembamba mno, kwa hiyo miaka mingi ilipita kabla haijafaa kwa seli. Picha ya kwanza ya seli nzima ilichapishwa 1945 New York na Keith Porter, Albert Claude na Ernest Fullam. Mahali ambapo vitabu viliandika saitoplazimu kana kwamba ni uji mtupu, palikuwa na kitu kama wavu.

Miaka iliyofuata ilijaza mchoro kwa kasi. Claude alikuwa akisaga seli na kuzizungusha kwa mashine hadi sehemu nzito zitangulie chini, na George Palade na Christian de Duve wakaendeleza. Mitokondria, zilizokuwa vinukta tu tangu karne ya 19, zikaonekana na mikunjo ndani. Ribosomu na lisosomu zikapata majina. Claude, Palade na de Duve walipewa Tuzo ya Nobel 1974. Ruska alisubiri hadi 1986.

Katika miaka hiyo hiyo maabara zilihitaji seli za binadamu zinazoishi nje ya mwili. Mwaka 1951, Baltimore, Marekani, zilichukuliwa kutoka kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, mwanamke Mweusi wa miaka 30 aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Hakuombwa ruhusa. Alifariki Oktoba mwaka huo, na seli zake, zinazoitwa HeLa, hazijaacha kugawanyika. Zilisaidia kupima chanjo ya polio na mengi baadaye. Familia yake ilipita zaidi ya miaka 20 bila kujua.

Mwaka 1967 likaja pendekezo lililoonekana kichaa. Lynn Margulis alisema kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria huru, zikamezwa na seli nyingine zamani sana, zisimeng'enywe, zikahamia moja kwa moja. Majarida mengi yalikataa makala yake kabla moja halijaichapa. Lakini mitokondria ina DNA yake na hujigawanya yenyewe, na leo wazo hilo liko kwenye vitabu vya shule. Chumba kitupu cha Hooke, kumbe, kina wapangaji.

Kutoka Gilgil hadi ziwani

Sehemu moja ya historia hii ilitokea kwetu. Ilianzia mbali: mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, aliandika juu ya kijana kutoka Grenada ambaye chembe nyekundu za damu yake zilipinda kama mundu. Kwa Kiswahili ugonjwa huo ni selimundu, jina linaloeleza kila kitu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi na hupita kwenye mishipa midogo kwa kujikunja. Iliyopinda hukwama, huziba, huvunjika mapema. Ndiyo maana maumivu, ndiyo maana upungufu wa damu.

Anthony Allison alikulia kwenye shamba la Gilgil, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi Oxford, alizunguka Kenya akikusanya damu. Kwenye pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walibeba jeni ya selimundu bila kuugua. Kwenye nyanda za juu, hawakufika hata mmoja kati ya 100. Jeni inayoua watoto ingepaswa kupungua, ila hapa ilikuwa tele kule kule kwenye mbu. Alihisi malaria.

Alirudi 1953. Nairobi, Waluo 30 wa kujitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, jambo ambalo leo kamati ya maadili ingelihoji vikali. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye jeni moja, wawili tu. Matokeo yalichapishwa 1954, na wengi hawakuyaamini kwa miaka. Kufikia 1957 Vernon Ingram, Cambridge, alikuwa ameonyesha kwamba tofauti yote imo katika asidi amino moja ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Kosa la herufi moja kwenye DNA, seli inapinda, mtoto anaugua, na ndugu yake aliyerithi jeni moja tu ananusurika na malaria.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba inayochukua seli za uboho za mgonjwa mwenyewe, kukata sehemu ya jeni inayozima himoglobini ya mtoto aliye tumboni ili ianze kutengenezwa tena, na kuzirudisha mwilini. Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kandokando ya ziwa, alikochukua damu Allison, wagonjwa bado wanategemea vidonge vya haidroksiyurea, pale vinapopatikana.